UZI: Boroni, elementi namba 5 tunayoiruka darasani. Wanafunzi, walimu na wazazi karibuni

#1 FundiMaabara

Wakuu, salaam. Mimi ni fundi maabara wa shule moja ya sekondari huku Morogoro, huu mwaka wa tisa nashika testi tyubu. Wiki iliyopita nilikua nasaidia kipindi cha kidato cha pili, watoto wana kibwagizo chao cha kukariri elementi kumi za kwanza, kinaenda hivi: haya Hemedi, limau beba, boga chukua, nazi okota, fika nenda. Yaani H, He, Li, Be, B, C, N, O, F, Ne. Wanakiimba vizuri mno hadi wale wa dawati la mwisho. Sasa binti mmoja akanyoosha mkono, "Sir, hiyo boga kazi yake nini?" Anamaanisha boroni. Akajibiwa ni 2:3, yaani elektroni mbili ndani na tatu nje, iko grupu ya tatu, tuendelee. Tukaingia kaboni, na kaboni tumekaa nayo hadi leo. Nikawa namwangalia yule binti, kalamu ipo juu ya daftari na hana cha kuandika.

Ndo sababu ya uzi huu. Hoja yangu ni moja tu wakuu, hiyo 2:3 ndo jibu lenyewe ila halikufunguliwa. Ukijua zile elektroni tatu za nje zinaiweka boroni kwenye hali gani, mengine yote yanakuja bila kukariri, kuanzia kwanini asidi yake ina tabia ya ajabu hadi kwanini mkahawa unakufa ncha. Nitaandika kwa awamu mana niko kazini, mwenye swali aulize hapohapo.

Tuanze na wasifu. Alama B, namba ya atomu 5, protoni 5 kwenye kiini, elektroni mbili ganda la kwanza na tatu ganda la pili. Uzito wa atomu 10.81. Piriodi ya pili, grupu ya tatu kwa hesabu ya shuleni, vitabu vipya wanaandika kundi la 13. Chini yake kuna alumini, kulia kwake kaboni, na hao majirani wawili wakumbuke mana boroni imekaa katikati yao kitabia pia. Alumini ni metali hasa, ndo sufuria unayopikia. Kaboni sio metali. Boroni haiko huku wala kule, ndo tunaiita metaloidi.

Ikiwa safi inakuja kwa sura mbili kuu, kuna unga wa kahawia na kuna fuwele nyeusi zenye mng'ao. Hizo fuwele ni ngumu balaa, kwenye kipimo cha Mohs ambacho almasi ni 10 zenyewe zipo 9 na ushee. Inayeyuka nyuzi 2,076 za Selsiasi, wakati chuma kinayeyuka 1,538. Umeme ikiwa ya baridi inapitisha kidogo mno, ukiipasha moto inapitisha zaidi, kinyume kabisa na waya wa shaba ambao ukipata joto unazidi kuubana umeme. Nikipata nafasi narudi.


#2 Kibuyu cha Asali

Nipo siti ya mbele mkuu, tiririka. Mi nilimaliza fomu foo na hiyo B sikuwahi kuiona popote zaidi ya kwenye jedwali ukutani.


#3 MamaWawili

Kaka FundiMaabara ubarikiwe. Nina swali la mwanangu, yuko kidato cha tatu. Kwenye mtihani aliandika B3+, yaani boroni iliyotoa elektroni tatu, wakamkata maksi. Akanionyesha alumini ni Al3+ na iko grupu hiyohiyo moja, elektroni tatu za nje hizohizo, sasa kwanini moja sawa nyingine kosa? Nilikosa cha kumwambia.


#4 FundiMaabara

Mama, hilo ndo swali la msingi kuliko yote kwenye hii mada, nashukuru umelileta mapema.

Mwanao hajafikiri vibaya, amefuata kanuni aliyofundishwa kwamba mwenye elektroni chache za nje anazitoa. Shida ni kwamba boroni ni kadogo. Ganda la nje ni la pili tu, elektroni zimekaa karibu sana na kiini na kiini kinazivuta kwa nguvu. Alumini ina ganda moja zaidi katikati, zile za nje ziko mbali, zinang'oka kirahisi. Tukienda kwa namba, kung'oa elektroni zote tatu za alumini unahitaji kilojuli kama 5,140 kwa moli. Boroni unahitaji kama 6,890. Gharama hiyo haiwezi kufidiwa na muungano wowote wa kawaida, kwa hiyo boroni haitoi elektroni zake na B3+ ya kusimama peke yake kwenye chumvi au kwenye maji huikuti.

Sasa kama haitoi inafanyaje? Inashea. Inaungana kwa kovalenti. Chukua boroni na klorini unapata BCl3, na ushahidi kwamba hamna ioni pale ni huu, BCl3 inachemka kwenye nyuzi 12 na pointi. Hapa Morogoro mchana ingekua gesi. Linganisha na chumvi ya mezani ambayo ni ya ioni, hiyo inasubiri hadi nyuzi 801 ndo iyeyuke, kuchemka bado.

Alafu hapa ndo utamu unapoanzia. Hesabu elektroni zinazoizunguka boroni kwenye BCl3. Ametoa tatu, kila klorini ameleta moja, jumla sita. SITA. Tumewaimbia watoto nane, nane, nane, na huyu ametulia na sita. Hana namna, elektroni za kushea zilikua tatu tu. Kwa hiyo ana nafasi ya jozi moja iko wazi, na maisha yake yote kikemia ni kuitafuta hiyo jozi. Akikutana na amonia, ambayo ina jozi ya ziada haijashikwa, anaidaka, wanaungana. Mwambie mwanao akumbuke neno hili, boroni ana njaa ya jozi moja. Nitalirudia hadi mchoke.


#5 MamaWawili

Nimemsomea amekaa hapa pembeni. Anasema "kumbe". Asante sana kaka.


#6 Mtoto wa Pwani

Ustadhi swali dogo nje ya hesabu. Jina boroni limetoka wapi? Kuna mtu aliniambia limetoka kwenye Kiarabu, buraq. Ni ile Buraq ya Miraji?


#7 FundiMaabara

Asili ni ya Kiarabu kweli ila sio neno hilo. Lile la Miraji ni Burāq, hili ni bawraq, wengine wanatamka būraq, na lenyewe Waarabu walilipata kwa Waajemi. Ni jina la boraksi, ile chumvi nyeupe ambayo masonara wameitumia karne na karne kuunganishia dhahabu na fedha. Kwa hiyo watu walikua wanaishika boroni mikononi zamani sana, ila ikiwa imefungwa ndani ya boraksi pamoja na sodiamu, oksijeni na maji, na hakuna aliyejua kuna elementi humo.

Kuitoa ndo ilisumbua. Mwaka 1808 Humphry Davy kule Uingereza, na Gay-Lussac na Thénard kule Ufaransa, kila upande kivyake, waliichukua asidi ya boriki wakaipasha na potasiamu, potasiamu ikanyang'anya oksijeni ikabaki boroni. Ila ilikua chafu. Iliyo safi kwelikweli ikapatikana 1909, Marekani, kwa mkono wa Ezekiel Weintraub. Miaka mia moja na moja katikati. Ukijua boroni inavyoshikana na oksijeni, na hilo joto la kuyeyuka nililotaja, hushangai.


#8 Mchenjuaji_Chunya

Aisee umenigusa mkuu. Mi nipo Chunya huku, boraksi natumia kila siku na sikujua ina elementi gani ndani. Dhahabu ikishachenjuliwa ukitaka kuiyeyusha iwe kidonge unatia boraksi kwenye kile chungu, alafu unapiga moto wa gesi. Usipoitia, dhahabu inakua na uchafu juu na vipunje vingine vinabaki vimeng'ang'ania pembeni. Ukiitia inatulia, uchafu unakuja juu kama kioo cheusicheusi, ikipoa unagonga na nyundo kile kioo kinapasuka kinaondoka, dhahabu inabaki inang'aa. Kitu gani kinafanyika pale?


#9 FundiMaabara

Mkuu Chunya, umeeleza vizuri kuliko kitabu.

Wiki ile nimeipasha boraksi maabara niwaonyeshe vijana wawili waliobaki baada ya vipindi. Nimeweka kijiko kimoja cha chai kwenye kibakuli cha kauri. Kwanza inalia, inatoa mvuke, mana kila kipimo kimoja cha boraksi kimebeba maji kumi ndani ya fuwele. Alafu inaanza kuvimba, inafura kama bisi, nyeupe, inakua kubwa hadi inataka kutoka nje ya kibakuli. Ukiongeza moto ule uvimbe unanywea polepole, unashuka, na kwenye nyuzi kama 743 unabaki na tone moja angavu linatembea chini ya kibakuli, ukitazama unadhani maji. Likipoa ni kioo. Hapohapo nikachovya unyuzi wenye kachembe ka chumvi ya shaba, nikarudisha motoni, kile kioo kikatoka cha bluu safi. Kobalti ingetoa bluu nzito zaidi. Vijana wakasahau kama kengele ya chakula imelia.

Sasa kwenye chungu chako, dhahabu inayeyuka nyuzi 1,064, boraksi imeshayeyuka mapema. Ule uchafu mwingi ni oksidi, za chuma hasa. Oksidi ya boroni ina asidi kidogo, oksidi za metali zina besi, basi zinaliwa zinayeyukia ndani ya boraksi na kuwa kioo chepesi kinachoelea. Dhahabu haipendani na oksijeni kwa hiyo haimo kwenye huo mchezo, inakaa chini peke yake. Ile rangi nyeusinyeusi unayoiona ni chuma kimejaa kwenye kioo.

Na niseme hili kwa kumaanisha, kule Ufilipino kuna wachimbaji wadogo wa eneo la Benguet wamekua wakipata dhahabu kwa boraksi bila kugusa zebaki kabisa, miaka mingi. Wanaosha mchanga hadi wapate ule mzito, wanatia boraksi, wanayeyusha. Zebaki inaua mishipa ya fahamu, na mtoto tumboni ndo anaumia zaidi. Kama kuna mtu anaweza kulileta hilo kwenye kikundi chenu, tafadhali lileteni.


#10 Mchenjuaji_Chunya

Nitalifikisha. Zebaki kweli inatumaliza, mzee mmoja wa karasha la jirani mikono inamtetemeka hawezi kushika kikombe.


#11 kahawa_chungu

Mwanzo wa uzi umesema mkahawa unakufa ncha, nimesubiri naona haujafika. Mimi ni mkulima Mbozi. Bwana shamba alinambia mibuni yangu ina upungufu wa boroni, akaniandikia busta ya kupulizia. Dalili zilikua ncha ya tawi inakauka, alafu chini ya ile ncha vinachipua vitawi vingi vyembamba kwa pamoja kama ufagio wa chelewa, na majani machanga madogo yamejipinda. Nilidhani ni ugonjwa. Nauliza, mbona nilishaweka mbolea ya kutosha na samadi, boroni imeenda wapi?


#12 FundiMaabara

Imeenda na mvua mkuu. Ngoja nieleze mana hapa ndo ile njaa ya jozi moja inaonekana shambani.

Boroni ardhini inakaa zaidi kama asidi ya boriki, B(OH)3. Jina asidi linadanganya watu wanadhani inatoa H+ yake kama zinavyofanya asidi zingine. Haitoi. Inachofanya, boroni yenye sita inaona OH ya maji ina jozi, inaidaka ile OH, na maji yanabaki na H+ mikononi. Yaani uasidi unatoka kwenye maji, boroni imechukua tu. Ndo mana ni asidi dhaifu mno, ukiweka litmasi ya bluu inabadilika kwa kusitasita.

Kwa kua dhaifu hivyo, kwenye udongo wenye uchachu kama wa maeneo mengi ya kahawa karibu yote inabaki nzima, B(OH)3 isiyo na chaji. Chembe za udongo zinashika vitu vyenye chaji, potasiamu inashikwa, kalsiamu inashikwa. Kisicho na chaji kinapita na maji kama abiria asiye na mzigo. Mvua kubwa ikipiga, boroni ndo ya kwanza kwenda chini kuliko mizizi. Samadi inasaidia kweli, inaishika kiasi, ila mvua za nyanda zenu unazijua.

Mmea unaihitaji kufunga kuta za seli. Seli mpya zinazaliwa ncha ya tawi, ncha ya mzizi na kwenye ua, na mimea mingi haiwezi kuitoa boroni jani kuukuu ikaipeleka jani jipya, ndo mana ncha inakufa wakati majani ya chini yana afya. Hata chavua ikitua kwenye ua inahitaji boroni ili kijimrija chake kikue hadi ndani, ikikosekana unaona maua mengi buni chache. Kwamba mimea haiwezi kuishi bila boroni ilithibitishwa 1923 na mwanamama Katherine Warington, kituo cha Rothamsted, Uingereza, akitumia mimea jamii ya maharage.

Tahadhari moja, usizidishe. Kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachounguza kuna nafasi ndogo kuliko mbolea nyingine unazozijua. Ukizidisha kingo za majani zinaungua zinakua kahawia. Fuata kipimo cha bwana shamba, usiseme niongeze kidogo iwahi.


#13 kahawa_chungu

Maua mengi buni chache, umenisema mimi wa mwaka juzi. Nilifikiri ni nyuki wamepungua. Asante.


#14 Jirani Mwema

Mi naomba kuuliza kuhusu mende. Dukani kuna unga mweupe wa asidi ya boriki wanasema unaua mende. Na kaka yangu anaumwagia kwenye bodi ya keram ili kete ziteleze. Una madhara?


#15 FundiMaabara

Ni kitu hichohicho. Unateleza kwa sababu fuwele zake zimejipanga kwa matabaka kama kurasa za daftari, na tabaka moja linateleza juu ya jingine kirahisi. Mende anaukanyaga, unamganda miguuni, akijilamba unaingia tumboni, anakufa baada ya siku kadhaa sio palepale.

Kwa binadamu kuugusa kwa ngozi nzima sio tatizo kubwa ila kuula ni sumu, na mtoto mdogo kipimo chake cha hatari ni kidogo. Usichanganye na unga wa ugali au sukari ukauacha sakafuni nyumba yenye watoto. Nilishakuta umewekwa kwenye chupa ya glukosi bila lebo, jikoni, rafu ya chini. Tafadhalini sana andikeni lebo na wekeni juu. Na keram mkimaliza oshe mikono kabla ya kushika mihogo.


#16 Dogo_Sayansi

Shkamoo Sir. Mimi nipo kidato cha tatu. Sir kwenye hesabu tunaambiwa boroni ina isotopi mbili, 10 na 11, naomba unielekeze hiyo 10.81 inatoka vipi, mana kati ya 10 na 11 mimi ningesema 10.5


#17 FundiMaabara

Marahaba mwanangu. Ungesema 10.5 kama zingekua nusu kwa nusu. Haziko hivyo. Kwa makadirio, kila atomu tano za boroni moja ni boroni 10 na nne ni boroni 11. Zote zina protoni 5, nyutroni ndo tofauti, moja ina 5 nyingine 6. Sasa fanya:

asilimia 20 ya 10 ni 2.0
asilimia 80 ya 11 ni 8.8
jumla 10.8

Hiyo 0.01 iliyobaki ni kwa sababu asilimia halisi ni 19.9 na 80.1 na uzito wa kila isotopi una desimali zake. Mtihani ukikupa asilimia tumia walizokupa.

Na usidhani nyutroni moja ni jambo dogo. Kikemia hizo mbili ni sawa kabisa, ila boroni 10 ina tamaa kubwa ya kumeza nyutroni. Ikimeza moja inapasuka inakua lithiamu 7 na kiini cha heliamu. Kwenye vinu vya nyuklia nyutroni ndo zinaendesha moto, ukitaka kupunguza moto unaingiza fimbo zenye boroni zinazila. Chernobyl ilipolipuka 1986 helikopta zilikua zinamwaga mchanga, risasi na misombo ya boroni juu ya kinu kinachowaka. Fukushima 2011 wakaingiza maji yenye asidi ya boriki. Boroni 11 huwezi kuipa kazi hiyo.


#18 Vito vya Simanjiro

Mkuu mimi ni dalali wa mawe. Tanzanaiti ina boroni?


#19 FundiMaabara

Tanzanaiti haina, ile ni kalsiamu, alumini na silika. Ila TOMALINI inayo, na sio kwa bahati, boroni ni sehemu ya muundo wake, bila boroni hamna tomalini. Kwa hiyo ile ya kijani inayotoka Landanai huko kwenu Simanjiro, au za Taita Taveta upande wa Kenya, kila kipande unachoshika mfukoni kina boroni ndani. Rangi ya kijani yenyewe inaletwa na vitu vingine, vanadiamu na kromiamu.

Kuna jiwe ambalo boroni ndo inatoa rangi, almasi ya bluu kama ile ya Hope iliyoko Washington. Kaboni ina elektroni nne za nje, boroni inaingia mahali pa kaboni ikiwa na tatu, inaacha pengo moja, na lile pengo linafanya jiwe limeze mwanga mwekundu linabaki bluu. Chembe chache kwenye milioni zinatosha. Ile ya waridi ya Mwadui aliyopewa Princess Elizabeth mwaka 1947 haihusiani na boroni, ile rangi inatokana na fuwele yenyewe kujipinda.

Na pengo hilohilo ndo liko juu ya paa lako kama una sola. Silikoni nne, boroni tatu, pengo moja linalotembea, ndo upande chanya wa kisahani cha sola. Kwa sola nyingi, ukichaji simu kwa jua kuna atomu ya boroni ilikosa elektroni moja ikakufanyia kazi.


#20 Kibuyu cha Asali

Hizi ni nondo. Mbona darasani hawasemi hivi?


#21 FundiMaabara

Silabasi ni ndefu na mwalimu mmoja ana mikondo minne, siwalaumu.

Ila nimalize kitu kimoja cha maabara kwanza. Mwaka wangu wa pili kazini bika ziliisha, nikachukua chupa ya jamu nikaweka maji nikaipandisha kwenye taa ya spiriti. Dakika chache ikalia ta! kitako kikabaki mezani na maji ya moto yakamwagika kwa wanafunzi waliokua karibu, mmoja akaungua paja, nikampeleka zahanati mwenyewe. Bado nalikumbuka paja la yule kijana. Kioo cha chupa ya jamu kikipata joto kinatanuka, chini kunatanuka juu hakujatanuka, kinajipasua. Bika na testi tyubu za kweli zimetiwa oksidi ya boroni, kutanuka kwake ni kama theluthi tu ya kioo cha kawaida. Kioo hicho kilibuniwa Ujerumani na Otto Schott mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1915 Wamarekani wakaanza kukiuza kwa jina la Pyrex hadi majikoni. Walimu wenzangu, msipandishe chupa yoyote motoni kama hamjui ni kioo gani.

Kuna aliyeniuliza inboksi kuhusu moto wa kijani. Ni kweli. Juzi nimefanya, nimechukua asidi ya boriki kijiko kimoja, nimeiloweka kwa spiriti kidogo kwenye kibakuli cha kauri, mapazia yamefungwa, nikawasha kwa njiti ndefu. Mwanzo bluu tu kama kawaida ya spiriti. Sekunde kadhaa kingo zikaanza kijani, kijani cha jani changa la mgomba, kikapanda hadi katikati, na kadri spiriti ilivyopungua ndo kikazidi kukolea. Yule binti wa "hiyo boga" alikua mbele kabisa. Msijaribu nyumbani, na kamwe usiongeze spiriti kwenye moto unaowaka hata ukiona umezimika, spiriti huwaka bila kuonekana.


#22 Mtoto wa Pwani

Na hii boroni yote dunia imeitoa wapi? Ipo nyingi?


#23 FundiMaabara

Chache, na sababu inapendeza. Kaboni na oksijeni zinapikwa ndani ya nyota. Boroni ndani ya nyota haidumu, joto linaivunja. Iliyopo nyingi imetokana na miale ya kasi inayosafiri angani ikagonga atomu za kaboni na oksijeni zikavunjika, kipande kimoja kikawa boroni. Ni vipande vya ajali. Hapa duniani maji yakaikusanya kidogokidogo kwenye maziwa yaliyokauka, akiba kubwa kuliko zote iko Uturuki, nyingine California ambako kuna mji kabisa unaitwa Boron.


#24 Dogo_Sayansi

Sir nimechora elektroni za BF3, boroni na florini tatu, kwa nukta na misalaba, boroni imepata sita kama ulivyosema. Alafu nikajiuliza, ikija F- moja yenye jozi, si itaidaka? Nikachora, boroni imezungukwa na florini nne, nimehesabu elektroni zimefika nane. Nimeandika BF4. Ni sahihi?


#25 FundiMaabara

Sahihi kabisa mwanangu, hapo imeshiba. Ila ile F- ilikuja na chaji yake na haijaenda popote. Weka mabano ya mraba kuzunguka mchoro wote, alafu alama ya kutoa juu kulia.


#26 Dogo_Sayansi

[BF4]⁻ Nimeweka Sir.